Wachawi wa Paisley Wapandishwe Jukwaani Baraka

Katika mwaka wa 1836, mwanamke wa Kiskoti aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, asiyepata kuolewa, aliyekuwa akikaa na dada yake Agnes huko Hampstead, juu ya kilima kilicho upande wa kaskazini wa London, alitoa kwa mkupuo mmoja majuzuu matatu ya tamthilia, na ndani yake mlikuwamo mchezo wa matendo matano, ulioandikwa kwa nathari ilhali tanzia zake nyingine aghalabu aliziandika kwa shairi, nao aliuita Witchcraft, yaani Uchawi. Jina la mwanamke huyo ni Joanna Baillie. Si ajabu kuwa jina hilo halitajwi kwetu Kongo, Fizi wala Baraka. Ajabu ni kuwa hata katika nchi yake mwenyewe lilizama, hali mwanzoni mwa karne ya 19 wajuzi wa sanaa, Walter Scott akiwa mbele yao, walimhesabu miongoni mwa mafundi wakuu wa tamthilia waliokuwa hai. Alifariki mwaka wa 1851, naye ana miaka 88, na mchezo wake ule ukabaki vitabuni kama mahabusi aliyesahauliwa na hakimu wake, hata mwaka wa 2008 ukumbi mdogo wa Finborough, magharibi mwa London, ulipoutoa na kuuweka mbele ya watu.

Ninaandika makala haya kudai kwamba mchezo huo una haki ya kuchezwa kwa Kiswahili, mjini Baraka, na wachezaji wa wilaya ya Fizi, katika Kivu ya Kusini. Na dai langu halitoki katika mapenzi ya vitu vya kigeni, bali katika yakini kwamba ni hadhira chache duniani leo zitakazouelewa upesi kuliko hadhira yetu, maana mambo ambayo kwa mtazamaji wa London ni tarehe ya mababu, kwetu sisi ni habari za mwezi uliopita.

Kisa chenyewe kimewekwa katika wilaya ya Renfrewshire, na msomaji wa Skoti alipoliona jina hilo karibu na neno uchawi hakuhitaji kuambiwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko lilikotokea jambo la Bargarran. Mnamo mwaka wa 1696, Christian Shaw, binti wa miaka 11 wa bwana mwenye milki ya Bargarran, alimsema mtumishi wa nyumbani kwao, Catherine Campbell, kuwa amekunywa maziwa kwa wizi, mtumishi akamlaani, na baada ya siku chache mtoto akaanza kuanguka, kukakamaa viungo, na kutoa kinywani vitu visivyokuwa na njia ya kuingia tumboni mwa mtu, kama vile pini, makaa na nywele. Akapelekwa kwa tabibu Glasgow, asipone. Ndipo wakubwa wa kanisa na wa serikali walipokaa kitako, wakayasikiliza majina yaliyotoka kinywani mwa mtoto, na majina yakawa yanazidi kadiri alivyosikilizwa, hata mwisho watu saba wakahukumiwa kufa. Mmoja alijinyonga gerezani kwa leso yake. Sita waliobaki walinyongwa na kuchomwa moto mjini Paisley tarehe 10 Juni 1697. Christian Shaw akakua, akaolewa, akafiwa na mume, kisha akaanzisha biashara ya nyuzi za kushonea iliyouletea mji ule ule wa Paisley sifa na utajiri. Tarehe haina haya.

Baillie alizaliwa Bothwell mwaka wa 1762, si mbali na Paisley, miaka 65 baada ya moto ule. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na baadaye mwalimu wa elimu ya dini katika chuo kikuu cha Glasgow. Wajomba zake, William na John Hunter, walikuwa mabingwa wa kupasua maiti ili kuujua mwili wa mwanadamu. Na kaka yake Matthew, aliyefuata nyayo za wajomba hao, alitunga mwaka wa 1793 kitabu mashuhuri juu ya viungo vilivyoharibiwa na maradhi. Kwa hiyo alilelewa mahali ambapo mgonjwa huombewa dua mlangoni na kupasuliwa jipu chumbani, na sidhani kuwa mtu aliyelelewa kwingine angeweza kuandika juu ya mtoto mgonjwa na wanaomzunguka kwa insafu kama yake. Mwenyewe amesimulia kuwa fikira ya mchezo huu ilimjia aliposoma katika riwaya ya Scott, The Bride of Lammermoor, habari za vikongwe walioketi makaburini wakinong'ona kwa uchungu juu ya matajiri, akatamani Scott aliandikie jambo hilo kitabu, Scott hakuandika, basi akalishika yeye.

Mchezo unaanza na maradhi. Bibi wa nyumba ya Dungarren anaye binti, Jessie, anayedhoofika bila ya sababu kuonekana, na nyumba nzima, tangu bibi mwenyewe hata mchunga ng'ombe Bawldy, imekwisha kukata shauri kuwa mtoto amelogwa. Tuhuma zinawaelekea wanawake watatu wasiokuwa na mtu wa kuwasemea: Mary Macmurren, fukara mwenye mtoto mmoja, Wilkin, aliyepungukiwa na akili, Elspy Low, na Grizeld Bane, mwanamke wa porini, mwenye maneno makali na macho yasiyotulia, ambaye hakuna ajuaye ametoka wapi. Lakini moto wa kisa hautoki kwao. Unatoka ndani ya nyumba ya wakubwa, kwa Annabella, jamaa wa ukoo, tajiri na mwanamke wa heshima, ampendaye kijana wa nyumba, Robert Kennedy wa Dungarren, na kijana huyo hamtaki, kwa sababu moyo wake umekwisha kwenda kwa Violet Murray. Annabella haamini kwa dhati kuwa Violet ni mchawi. Anachoamini ni kwamba wengine wataamini. Basi anafanya hila, kipande kilichopasuka cha kanzu ya Violet kinaonekana katika chumba cha mgonjwa, na kuanzia hapo hakuna tena haja ya Annabella kusema neno. Woga wa watu unamfanyia kazi iliyobaki.

Na Violet amefungwa ulimi. Baba yake, anayetakiwa na sheria kwa kumwua mtu katika mapigano, na ambaye watu wote wanamdhania amekwisha kufa na kuzikwa, yu hai mafichoni, na binti yake humwendea usiku nyikani. Watu wamemwona akitembea na maiti, aseme nini? Akinyamaza, kimya chake ni ushahidi; akisema, amempeleka baba yake kwenye kitanzi. Sijasoma tamthilia nyingi zinazoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi mtuhumiwa wa uchawi anavyokosa pa kutokea, kwa maana katika mashtaka ya aina nyingine mtu huulizwa alikuwa wapi, naye huweza kutaja mahali, bali katika shtaka hili mahali popote atakapotaja panageuzwa kuwa hoja dhidi yake.

Sisi wa Fizi tunaijua imani inayojilinda yenyewe namna hiyo. Ernesto Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 na kupewa huku kwetu jina la Tatu, ameandika kwa mshangao mkubwa juu ya dawa waliyopakwa wapiganaji katika milima yetu ili risasi zisiwadhuru: dawa ilikuwa na masharti, mpiganaji asiibe, asimguse mwanamke, asiogope, na aliyepigwa risasi akafa, basi ndiye aliyevunja sharti, wala dawa haikupata kulaumiwa. Yule mwanamapinduzi aliona kuwa hapo hakuna pa kuingilia kwa hoja. Baillie, ambaye hakupata kuiona Afrika, aliliona jambo lile lile katika vijiji vya kwao, akaona pia kuwa panapokosekana pa kuingilia kwa hoja, pengine pana pa kuingilia kwa kisa.

Hata hivyo jambo lililonipendeza kupita yote si Violet. Ni wale wanawake watatu. Mwandishi wa kawaida, akitaka kuwaonea huruma, angewafanya malaika waliosingiziwa. Baillie hakufanya hivyo. Grizeld anasadiki kuwa ana mamlaka juu ya pepo, na wenziwe wanamfuata nyikani usiku kwa tamaa ya kupata sehemu ya mamlaka hayo, kwa kuwa katika maisha yao yote hakuna mtu aliyepata kuwaogopa, na kuogopwa ni bora kuliko kusukumwa. Mwanamke aliyenyimwa kibaba cha unga mlangoni, akaondoka akinung'unika maneno mabaya, kisha akasikia kesho yake kuwa ng'ombe wa mwenye unga amekufa, aweza kuingiwa na furaha ya siri, na furaha hiyo ikamtia katika dhana kuwa ndiye aliyeua. Mwishowe inadhihirika kuwa Grizeld ni mgonjwa wa akili aliyefiwa na mume kwa kitanzi cha serikali, akaiponyoka kamba ya waliomfungia. Wanaopinga mambo ya uchawi kwa hotuba hukosea hapo hapo, maana hudhani kazi yao imekwisha wakisema kwamba uchawi haupo, ilhali mbele yao pameketi bibi ambaye mwenyewe hana hakika.

Katika mwambao wetu, kuanzia Mboko mpaka Baraka na kuvuka mpaka rasi ya Ubwari, visababu vya tuhuma havikosekani. Kipindupindu hurudi miaka nenda miaka rudi. Malaria haijapata kuondoka. Ziwa lilipanda katika mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024, likameza nyumba za watu. Radi hupiga mlimani ikaua mmoja na kumwacha aliyesimama karibu naye. Mtumbwi wa kuvua ndakala huondoka jioni na watu watano ukarudi na wanne. Kila moja ya mambo hayo lina maswali mawili. La kwanza, limetokeaje, hujibiwa na muuguzi, au na mwalimu, au na mvuvi mzee ajuaye upepo. La pili, kwa nini limenipata mimi wala si jirani yangu, halina mwenye kulijibu katika dispensari, na hapo ndipo wanapoingia waaguzi wa kila namna, pamoja na wale wanawake wa maombi ambao katika sehemu nyingine za jimbo letu huitwa bajakazi, wanaodai kuwa Roho huwaonyesha jina la mwenye hatia. Jina linalotoka aghalabu ni la mwanamke, mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume mwenye nguvu karibu.

Mwezi wa Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, huko Geneva, lilipitisha azimio lake la kwanza juu ya madhara yatokanayo na tuhuma za uchawi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule habari zilienea duniani kuwa wanawake wasiopungua wanane wameuawa katika jimbo letu la Kivu ya Kusini kwa tuhuma hizo, baadhi yao kwa moto. Sitaji mambo haya mawili pamoja ili kulidhihaki azimio, maana azimio ni jambo jema. Nayataja kwa sababu wale walioshika viberiti hawakuwa wamelisoma, na hata wangalisoma, halikuandikwa kwa lugha ya kuzungumza nao.

Na Annabella yuko. Yuko kila mahali. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wanaouawa kwa jina la uchawi mara nyingi ni wale walioikalia ardhi ambayo vijana wao wanataka kuiuza. Katika nchi ya Wasukuma, upande wa pili wa Tanganyika, vikongwe wamekufa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa kinyesi cha ng'ombe na wa kuni walizopikia waume na wajukuu maisha yao yote. Huku kwetu husuda huweza kuanzia katika shamba la michikichi, katika mirathi, katika mke mwenza, katika mtoto wa fulani aliyepata kazi kwa shirika huku wa fulani akirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mikono mitupu. Yule mwenye kunufaika huwa hayumo katika kundi linalopiga kelele. Yuko nyuma, amevaa vizuri, na pengine ndiye atakayetoa sanda. Mwandishi wa habari hawezi kumwonyesha mtu huyo, kwa kuwa hana ushahidi naye, polisi hawamfikii, mhubiri humtaja kwa mafumbo. Ni jukwaa pekee liwezalo kumwingiza mtazamaji chumbani mwake, akamwona anavyokikata kipande cha kanzu, kisha likamtoa mtazamaji yule nje, likamsimamisha katikati ya kundi lisilojua, naye anajua.

Hapa pana jambo ambalo Baillie alilitafakari tangu ujana wake wa uandishi. Katika dibaji ndefu ya michezo yake ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1798 bila ya jina la mtunzi, aliuliza kwa nini watu hukusanyika kwa maelfu kutazama mtu akinyongwa, na jibu lake si kwamba watu ni wakatili, bali kwamba mwanadamu ana kiu ya kumwona mwanadamu mwenziwe katika saa ya mashaka makuu, ajue moyo wake unakuwaje. Kiu hiyo aliiona kuwa ndiyo mama wa tamthilia. Basi fikiri, ndugu msomaji, juu ya wale wanaokimbilia uwanjani mtu anapokamatwa kwa uchawi, wengi wao hawana hasama naye wala hawakumjua jana. Wamekuja kutazama uso. Mchezo huu unawapa uso huo wautazame hata watosheke, na hakuna anayekufa.

Fauka ya hayo, alikuwa na rai nyingine, na hiyo ndiyo inayonitia tamaa kuwa alikuwa akituandikia sisi bila ya kujua. Kumbi kubwa za London za zama zake, Drury Lane na Covent Garden, zilikuwa zikichukua watu maelfu. Mchezo wake De Monfort ulipochezwa Drury Lane mwaka wa 1800, na mabingwa John Philip Kemble na Sarah Siddons wakiwa ndani yake, ulidumu kwa siku chache tu, na mwaka wa 1812 aliandika akilalamika kwamba katika majumba kama yale uso wa mchezaji hauonekani na sauti ya chini haisikiki, hivyo watunzi hulazimika kuandika makelele na mapambo. Yeye alitaka mahali padogo. Baraka hatuna ukumbi mkubwa, na kwa mara moja upungufu huo ni neema: jumba la parokia, au uwanja wa shule baada ya masomo, viti vikiwa pande tatu, watoto wameketi chini mbele, hapo Annabella atasikika hata akinong'ona.

Najua yatakayosemwa. Watasema: Wazungu walichoma wachawi wao, wakaacha walipotaka, sasa waje na vitabu vyao watufundishe? Lakini mtunzi huyu hakutufundisha sisi. Aliwashtaki watu wake mwenyewe, na waliomo mchezoni, tangu bwana shamba, mchungaji na hakimu, hata mchunga ng'ombe, wote ni wa kwao. Tena mchezo wa kigeni una faida ambayo mchezo wa kwetu hauna katika jambo hili, nayo ni kwamba Baraka hakuna mtu aitwaye Annabella. Ukitunga kisa cha kijiji cha Mutambala, kabla ya tendo la pili watu watakuwa wameshajuana nani anasemwa, na ngumi zitaanza. Renfrewshire ni mbali vya kutosha kwa mshtaki na mshtakiwa kuketi benchi moja.

Wala si bidaa. Julius Nyerere, akiwa na dola nzima mikononi, alipata wasaa wa kuutia mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar katika Kiswahili, mwaka wa 1963. Na Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka wa 1968, wachawi wake watatu wakanena lugha yetu bila ya kigugumizi. Katika Kongo hii hii, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limeonyesha kwa miaka mingi kuwa Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba mchezo wenye akili, watu wakacheka huku wakijisikia wametajwa. Na wanawake wetu waliotunga tamthilia nao wanangoja: Penina Muhando wa Tanzania, aliyeanza na Hatia mwaka wa 1972 na ambaye aliamua kuandika kwa Kiswahili ingawa Kiingereza alikuwa nacho, Elvania Namukwaya Zirimu wa Uganda, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka wa 1979, Rebeka Njau wa Kenya. Kuwafufua hao ni deni ambalo halifutwi na kumfufua Mskoti. Lakini kati ya madeni haya hili la uchawi ndilo lenye mdai aliyesimama mlangoni.

Watasema pia kuwa mchezo utawadharau watu wa dini. Si kweli, na ningependa wachungaji, mapadri na masheikh wa Baraka wawe mstari wa mbele. Mchungaji Rutherford wa mchezo huu ni mtu mwema anayesumbuka, ambaye akili yake inakataa na macho ya waumini wake yanamsonga, na sina shaka kuwa wapo kwetu wanaojua sawasawa usumbufu huo unavyoanza siku ya Jumamosi jioni, mtu akiandaa mahubiri.

Katika uchezaji, rai yangu ni hii. Wakubwa wanene Kiswahili cha vitabuni, na wanakijiji Kiswahili cha Baraka kilichochanganyika na Kibembe, kama Baillie mwenyewe alivyowapa fukara zake lugha ya Kiskoti na mabwana zao Kiingereza. Moto usiwashwe jukwaani. Katika wilaya ambayo nyumba za watu zimechomwa katika vita zaidi ya mara moja, moto si pambo, na lundo la kuni pekee linatosha. Na Grizeld asichezwe na mwanamke mzee maskini, hata akiwa na kipaji cha ajabu. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu mchezo utakwisha jioni, na kesho asubuhi mchezaji atakwenda sokoni kununua mihogo, na wapo watakaosogea mbali naye. Achezwe na mwalimu kijana, mwenye mume, ndugu na mshahara, mtu ambaye masihara ya sokoni hayatamfikisha mahali pabaya, apakwe mvi.

Limebaki tendo la mwisho, na hapa sikubaliani na Bibi Baillie. Violet na Mary wamefungwa tayari, baba anajitokeza, yule aliyedhaniwa kuuawa anafika akiwa hai, na juu ya hayo yote inasomwa amri kuwa Bunge limefuta sheria ya uchawi, sheria ambayo kweli ilifutwa kwa sheria nyingine ya mwaka wa 1735 iliyoanza kazi mwaka uliofuata, na ambayo roho yake ilisafiri baadaye na Waingereza hadi Kenya na Tanganyika, zikatungwa huko sheria za mwaka wa 1925 na 1928. Wakati huo huo Grizeld anamnyonga Annabella. Ni mwisho wenye haraka. Mtunzi aliishi katika nchi ambayo amri ilisomwa na moto ukazimika; sisi tumeishi katika nchi yenye amri nyingi. Wabelgiji waliiandika katika kanuni ya adhabu ya mwaka wa 1940 hukumu dhidi ya wanaowapima watu kwa viapo vya kishirikina. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu yake. Nyanya wa mtoto huyo hakutajwa katika kifungu hicho.

Kwa hiyo ningependa amri ile, itakaposomwa Baraka, isomwe kwa Kifaransa, na afisa aliyevaa suti, pole pole, hata nukta ya mwisho, na kundi limtazame bila ya kufahamu, mpaka mtu mmoja ajitolee kuifasiri, naye aifasiri vibaya kidogo. Baada ya hapo pazia lisishushwe. Penina Muhando, ambaye kwa jina la Mlama ameandika mwaka wa 1991 kitabu kizima juu ya tamthilia ya umma na maendeleo, ametufundisha kuwa mchezo wa namna hii haumaliziki mpaka hadhira imeanza kusema. Basi mwenye kuongoza asimame, aulize swali ambalo mtunzi hakuuliza: Mary Macmurren, aliyefunguliwa kamba, atalala wapi usiku huu, yeye na Wilkin wake? Nyumbani kwake, kati ya majirani walioleta kuni? Kwa jamaa Uvira? Ng'ambo ya ziwa, Kigoma? Nani atawapa nauli ya boti?

Maandishi ya Baillie hayana mwenye kudai haki ya kunakili, hivyo kinachotakiwa ni mfasiri mmoja mwenye subira, waigizaji kiasi, na kiangazi kimoja, baina ya Juni na Agosti, ambapo mvua haifungi njia. Na mchezo uanze saa nane mchana wala si usiku, ili wa Mboko na Lusenda, na wale watakaoupanda mlima wa Fizi kwa pikipiki, wapate nafasi ya kubishana vya kutosha na bado wafike makwao njia ingali inapitika.